Kwao Hakukuwa na Kasri

Tarehe kumi na moja Februari, mwaka jana, nilimpoteza mke wangu. Alifia hospitalini asubuhi, binti yetu akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa bado ndani ya basi nikitoka shifti. Mke wangu alikuwa Mcheki. Alikuwa akipikia watoto wa shule, mimi nafua mashuka ya hospitali, na tulikutana zamani tulipokuwa wote tunafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi. Tumeishi hapa Thamesmead tangu kabla binti hajazaliwa.

Kwetu Watanzania mtu hazikwi hivi hivi. Kwanza husomwa wasifu wake: alizaliwa kijiji gani, wilaya gani, ni mtoto wa nani, alisoma wapi, akaolewa na nani. Hapa London watu wameacha mengi, lakini hilo hawajaliacha. Nimekaa kwenye misiba ya Peckham na ya huku kwetu nikasikiliza wasifu wa mtu wa Rombo, wa Newala, wa Tukuyu, hadi mto aliokuwa akichota maji utotoni nikaujua. Wasifu ukisomwa vizuri, watu hutikisa vichwa kukubali. Wanajua sasa wanamzika nani.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu alikuja nyumbani siku chache kabla ya mazishi. Sebule ilikuwa imejaa kina mama, viti tumevitoa nje kwenye baraza, watu wamekaa kwenye mazulia. Akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, wasifu wa shemeji utausema wewe mwenyewe. Sisi huko kwao hatukujui hata kidogo."

"Hakuna tabu," nikasema.

Tabu ilikuwapo. Kwao hata mimi sikuwa nakujua. Nilikuwa sijawahi kufika.

Mwanzoni ilikuwa makaratasi. Nilikuwa sina hati za kusafiria, na kila mtu alielewa. Kisha hati zikatoka, nami nikaendelea kusema makaratasi, baadaye nikasema kazi. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliona picha ya harusi ya shemeji yangu, watu wamejipanga mbele ya nyumba, nikajiona nimesimama katikati yao mweusi peke yangu, watoto wananikodolea macho, mimi natabasamu nisijue wanasema nini. Mke wangu aliniomba kila mwaka. Halafu akaacha kuniomba. Wakati wa kiangazi alikwenda na binti, mimi nikachukua shifti za ziada, nao wakarudi na uyoga mkavu na keki zenye mbegu nyeusi ndogo ndogo. Keki nilikula.

Yeye kwetu Songea alifika mara mbili. Alilala kwa mama yangu, akajifunza njia ya kwenda kisimani, akapelekwa kwenye makaburi ya babu zangu na akauliza kila kaburi ni la nani. Mama alipokufa, ni mke wangu aliyenikumbusha jina la dada yake mkubwa.

Na si kwamba hakunieleza habari za kwao. Alinieleza sana. Alikuwa akisukuma unga mezani huku anaongea, kuhusu bwawa, kuhusu kengele, kuhusu njia ya kutoka stesheni. Mimi nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jikoni. Sauti ilinipendeza.

Ningeweza kumuuliza binti. Alikuwa chumba cha pili, amekwenda kijijini kule karibu kila mwaka wa maisha yake. Ningeweza kumuuliza mama mkwe, maana alikuwa amefika juzi yake kwa ndege, mara yake ya kwanza kupanda ndege, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, na alikuwa amelala kitandani kwetu upande wa mwanawe. Lakini niliona aibu kumuuliza mtoto wangu mama yake alizaliwa wapi. Basi nikatazama ukutani.

Sebuleni kwetu kuna picha kwenye fremu. Ni kasri kubwa juu ya mwamba, chini yake mto na daraja la mawe, nyuma milima yenye theluji. Mke wangu aliitundika mwaka tuliohamia. Nilikuwa nimeipita kila siku nikivaa viatu. Nikasema moyoni, ni hapo.

Ibada ilifanyika Jumapili mchana katika ukumbi wa mtaa, mazishi yawe kesho yake. Ukumbi ulijaa. Wengine walitoka mbali, hata familia moja ya Kizanzibari iliyokuwa ikimletea mke wangu maandazi. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, amevaa koti jeusi zito, ameshika mkoba magotini. Binti alikaa karibu naye kumtafsiria. Binti yetu Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Kicheki anakiongea, alikichukua kwa mama yake na kwa bibi yake.

Nikapewa kipaza sauti. Nikaanza vizuri, na jina lake na la baba yake. Kisha nikasema marehemu alizaliwa katika kijiji kilicho chini ya milima mirefu, kando ya mto mkubwa, karibu na kasri la wafalme wa zamani. Nikaona watu wanatikisa vichwa. Hilo likanipa nguvu. Nikasema utotoni alikuwa akivuka daraja la mawe kwenda shule. Nikasema kasri lile linaonekana kutoka mlangoni kwao. Nilikuwa nalia, na machozi yalikuwa ya kweli, na maneno yalikuwa ya uongo, vyote vikitoka pamoja.

Binti alikuwa ameacha kumtafsiria bibi yake. Nilimwona. Alikuwa ametazama sakafu, na bibi yake anamgusa mkono: amesema nini? Binti akatikisa kichwa kukataa. Bibi akamgusa tena. Ndipo binti akamnong'oneza, maneno machache tu.

Mama mkwe alinitazama. Ningependa kuandika kwamba alikasirika, ingekuwa rahisi zaidi. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyejikojolea mbele za watu. Kisha akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi darasani, akasimama, akaja mbele na binti nyuma yake. Nikampa kipaza sauti. Hakujua kukishika, akakishikilia mbali na mdomo, binti akakisogeza.

Alisema Kicheki, binti akasema Kiingereza, na mimi naweka hapa kwa lugha yangu.

"Namshukuru mkwe wangu. Kwetu hakuna kasri. Kasri lile ni la kwenye kalenda, tulipewa bure dukani, binti yangu alilipenda akalikata. Liko mbali sana. Hata mimi sijawahi kulifikia."

Halafu kutoka nyuma, karibu na masufuria, ikatoka sauti ya mtani wangu. Ni mama wa Kihehe, na mimi ni Mngoni, na mila yetu inamruhusu mtani kusema lolote msibani.

"Mngoni! Kumbe wewe umeoa kwenye kalenda!"

Watu wakacheka, wakajizuia, wakashindwa.

"Miaka yote unakula keki za mtoto wa watu, kwao hukupajua? Ulikuwa unaogopa nini, watakulisha mbwa? Mbwa tunakula sisi Wahehe, wale ni watu wastaarabu!"

Kwa kawaida mtani akikusema hivyo unamrudishia. Mimi nilisogea pembeni nikamwachia mama mkwe nafasi. Binti alikuwa akimtafsiria bibi yake, sijui alimtafsiria vipi, maana bibi alimpungia mtani mkono na kucheka kidogo, kisha akaendelea.

Akasema kijiji chao ni tambarare. Hakuna mlima wala mto, kuna kijito cha kurukwa na mtoto. Ukishuka kwenye treni, stesheni ni kibanda tu katikati ya mashamba, unafuata njia yenye miti ya tufaha hadi kwenye bwawa. Bwawa lilichimbwa kwa mikono mamia ya miaka iliyopita, kwa ajili ya samaki. Kila msimu wa majani kuanguka wanalifungulia maji yote, kijiji kizima kinaingia kwenye tope kukamata samaki, na marehemu alipokuwa mdogo alipoteza kiatu ndani ya tope hilo, kikapatikana mwaka uliofuata. Watu wakacheka tena, safari hii vizuri. Nyumba zimezunguka uwanja wa majani. Katikati kuna kikanisa kidogo ambacho mtu mrefu lazima ainame, na juu yake kengele.

"Kengele ya kwanza Wajerumani waliishusha wakati wa vita, wakaiyeyusha kutengeneza mizinga," akasema.

"Wajerumani?" mtani akauliza kwa Kiingereza. "Hawa hawa waliowanyonga babu zake huyu kule Songea?"

Binti akauliza, bibi akajibu.

"Anasema ni hao hao."

"Haya! Basi mmeoana mnafahamiana."

Bibi akasema baada ya vita wakachanga wakanunua kengele ndogo. Halafu serikali ikachukua mashamba yote yakawa ya ushirika, na ng'ombe wakawekwa zizi moja. Hapo wazee wetu wawili watatu wakaguna kwa nguvu. "Ujamaa!" mmoja akasema. "Sisi walitubebea mpaka nyumba kwenye malori!" Bibi alipotafsiriwa akatikisa kichwa muda mrefu, kama aliyekutana na watu wa kwao.

Mwisho akasema kwamba kijijini mtu akifa, mmoja wa nyumba yake huenda kuvuta kamba ya kengele kwa mkono, ili walioko mashambani wajue. Mjukuu wake alipompigia simu ile asubuhi, alivaa koti akaenda akaivuta mwenyewe. "Kwa hiyo kwao wanajua," akasema. "Na sasa nanyi mnajua kwao." Akarudi kukaa.

Sikumbuki chakula cha siku ile. Nakumbuka niliingia chooni, nikafungua bomba la maji ili wasinisikie.

Tulimzika Jumatatu. Usiku ule binti hakunisemesha, na sikumlaumu. Asubuhi nikaishusha picha ya kasri. Ukutani pakabaki alama nyeupe. Mama mkwe alitoka chumbani, akaitazama alama, akaitazama picha sakafuni, akaiokota na kuirudisha kwenye msumari. Alisema neno, binti akalitafsiri akiwa amenipa mgongo, anaosha vikombe.

"Anasema ni picha nzuri tu. Picha haina kosa."

Alikaa nasi wiki moja. Siku moja kabla ya kuondoka aliomba tutoke, sisi watatu. Tukaenda ziwani. Ziwa letu hapa Thamesmead nalo ni la kuchimbwa, lilichimbwa wakati wanajenga majumba haya, na pembeni kuna bata na matoroli ya dukani yaliyotupwa. Lilikuwa jua la baridi. Bibi akasimama, akatazama maji, akasema kitu. Binti akasita. Ni mara yake ya kwanza kunitazama usoni tangu ukumbini.

"Anasema hili ndilo bwawa. Anataka ujifunze njia ya kwao."

Basi akanitembeza. Kituo cha basi kikawa stesheni. Njia ya baiskeli ikawa ile ya miti ya tufaha. Mahali pa mapipa ya taka pakawa kikanisa, na mimi nikaambiwa niinamishe kichwa nikipita. Niliinamisha, watu wananiona. Nguzo ya taa ndiyo jiwe la waliokufa vita vya kwanza vya dunia, akasema, lina majina ya watu ambao hakuna ndugu yao hata mmoja aliyebaki kijijini. Nikauliza kwa nini. Ndilo swali la kwanza nililowahi kuuliza kuhusu kijiji kile.

Akaendelea kutembea. Tulifika kwenye benchi akakaa.

"Nyumba yetu ni hii," akasema, akipigapiga benchi. "Lakini haikuwa yetu."

Akasema sehemu ile watu wengi walikuwa wakiongea Kijerumani, tangu enzi na enzi, wakulima kama wengine. Vita vya pili vilipokwisha walifukuzwa wote, wenye hatia na wasio na hatia, kila mtu na mizigo anayoweza kubeba. Wazazi wake walitoka mahali pengine, maskini, wakapewa nyumba tupu. Yeye alikuwa mtoto mdogo sana. Anakumbuka walipoingia vyombo vilikuwa kabatini, na kulikuwa na kitanda cha mtoto chenye kimo chake. Alilala kwenye kitanda hicho. Mke wangu naye baadaye alilala kwenye kitanda hicho.

Binti alikuwa hajui. Alitafsiri sentensi hiyo nusu akakatiza, akamuuliza bibi yake kitu kwa Kicheki, akajibiwa, ndipo akaimalizia.

"Ukumbini sikulisema," mama mkwe akasema. "Nilikusahihisha wewe mbele za watu, na mimi nikaacha lililo langu. Siku mtakayokusanyika tena, useme wewe. Useme na hilo."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye alikuwa mtoto, mimi nilikuwa mtu mzima. Sikupata njia ya kulisema hilo kupitia kwa binti yangu. Nikasema nitasema.

Akasafiri. Kila jioni nikitoka kazini nilishuka kituo kimoja kabla, nikapita ziwani, nikainama kwenye mapipa.

Siku ya arobaini tulikutana nyumbani, watu wachache kuliko msibani, wale wa karibu. Padri alimaliza sala, mwenyekiti akauliza kama familia ina neno. Nikasimama pale pale kwenye zulia, chini ya kasri. Kipaza sauti hakikuwapo, na sikukihitaji.

"Wasifu niliousema siku ile sio," nikasema. "Naomba kuusema tena."

"Sema, mtani," mama wa Kihehe akasema. Alikuwa amevaa aproni ya mke wangu, kwa sababu ndiye aliyepika, na hakufanya mzaha wowote na aproni hiyo ingawa mila inamruhusu.

Nikaanzia stesheni. Nikasema unashuka, unageuka kushoto.

"Kulia," binti akasema kutoka mlango wa jikoni. Alilisema kwa Kiswahili.

Nikasema kulia. Nikasema njia ya tufaha, bwawa na tope lake na kiatu, kijito, uwanja wa majani, kikanisa, kengele iliyochukuliwa na kengele iliyochangiwa. Nikasema jiwe na majina yake. Kisha nikasema nyumba. Nikasema marehemu alizaliwa kwenye nyumba iliyokuwa ya watu wengine, waliofukuzwa, na kwamba mama yake ndiye aliyeomba lisemwe. Hapo nilisema polepole kuliko mahali pengine, kwa sababu niliona baadhi ya watu wanatazamana, na mzee mmoja akashusha macho. Wasifu haufanywi hivyo. Wasifu unapendeza.

Nilipomaliza hakuna aliyetikisa kichwa. Mtani wangu ndiye aliyesema, taratibu, bila mzaha.

"Na hao wenyewe wa ile nyumba, mtani. Walikwenda wapi?"

Wote wakanitazama. Binti naye alinitazama. Juu yangu kulikuwa na kasri, na kichwani maneno yalikuwa yameanza kujipanga: treni, mji fulani, ndugu waliowapokea.

"Sijui," nikasema.

Nikakaa. Binti akaleta jagi na beseni, akaanza na mimi, akanimiminia maji nikanawa mikono.